Orkestra Nzima kwa Wimbo wa Vidole Viwili

Mpendwa Mjomba,

Nimenunua ile kubwa. Nakuambia mapema ili kama unataka kukasirika huko uliko, ukasirike sasa, halafu unisikilize. Bei yake sitaitaja, maana nakujua: ungeitupa sanda ukarudi Koboko kwa miguu kuja kunigombeza. Nitasema tu kwamba kile kinanda changu cha pili, ulichokuwa ukikiita jeneza lenye meno, hakipo tena pale studio, na sijakililia.

Najua hujui ninazungumzia nini. Uliondoka kabla kazi yangu hii ya muziki wa kompyuta haijashika miguu, na kila nilipojaribu kukueleza ulinikatiza kwa swali lako moja: hewa inaingilia wapi? Basi ni hivi. Siku hizi mtu akitaka orkestra si lazima akusanye watu. Kuna wenzetu huko mbali waliwaweka wapiga fidla, wapiga filimbi na wapiga tarumbeta ndani ya ukumbi mkubwa, wakawarekodi noti moja moja, kisha wakaziuza sauti hizo zote kwa pamoja. Sisi tunaita maktaba ya sauti. Unaiingiza kwenye kompyuta, unabonyeza kinanda chako hapa Arua, na fidla za ukumbi ule zinalia. Zipo maktaba za bei nafuu na zipo zilizo kamili. Katika ile nafuu kila noti imerekodiwa mara moja, kwa nguvu moja, basi. Ukiirudia haraka haraka inagonga vilevile kila mara, kama mashine ya kusaga muhogo. Katika ile kamili noti hiyo hiyo imepigwa kwa upole, imepigwa kwa nguvu, imevutwa, imekatwa, na unasikia hata mpigaji akivuta pumzi kabla ya kuanza, na ukumbi wenyewe ukiirudisha sauti baada ya watu kunyamaza. Hayo ya ukumbi yaweke akilini, nitayarudia.

Hewa inaingilia hapo, Mjomba. Samahani kwa kuchelewa kukujibu.

Sasa kilichonisukuma. Zamzam wako anaolewa, au niseme ameshaolewa, maana naandika baada ya harusi. Yule kitinda mimba wako aliyekuwa akilala ndani ya kasha la ngoma wakati mnafanya mazoezi, ndiye huyo. Mama Zamzam alinipigia simu akasema mtoto hatoki ndani ya nyumba bila wimbo wa baba yake. Nikamwuliza nani ataupiga. Akasema ndiyo sababu amenipigia mimi.

Maana bendi yako haipo. Kasim wa ngoma alikufuata mwaka ule ule, wengine wametawanyika Bombo na Juba, na waliobaki Koboko hawana tena meno ya kushikilia tarumbeta. Lako limefungwa kwenye blanketi juu ya kabati. Kwa hiyo wimbo wako ungepigwa kwa spika au usingepigwa kabisa, na wote tulijua maana yake. Harusi za karibuni zote zimeletewa dijei, na wimbo wako haukuombwa na mtu. Wasichana wa rika la Zamzam wanaujua kwa kusimuliwa na mama zao. Ukikosekana kwenye harusi ya binti yako mwenyewe, nani atauomba tena? Na ukipigwa ukawa kituko, watu wakacheka, hapo ndipo tungeuzika kwa mikono yetu. Hiyo ndiyo kazi niliyopewa. Niliiogopa, nakiri.

Nikikaa kufikiria wimbo ule, kumbukumbu yangu haianzii harusini. Inaanzia nyuma ya nyumba, tuliporudi kutoka ukimbizini Sudan tukakuta shamba la muhogo limegeuka pori. Nilikuwa mdogo, umenishika mkono, na mkono wa pili umeshika jembe. Ukahesabu hatua kutoka ukutani, ukachimba. Siku ya kukimbia watu wenye akili walizika masufuria na cherehani. Wewe ulizika tarumbeta, na cherehani ya mama yangu ukaiacha mezani kwa wezi, na mama hajalisahau jambo hilo hadi leo. Tarumbeta likatoka la kijani, limejaa mchanga hadi kooni. Ukalisugua kwa majivu na ndimu siku nzima. Kitufe cha kwanza kilishuka kikapanda. Cha tatu kikashuka kikapanda. Cha katikati kikakataa.

Ukalipeleka kwa fundi baiskeli pale sokoni kwa sababu, ulisema, chuma ni chuma. Fundi akakipaka grisi ya mnyororo, akakigonga kwa nyundo kidogo, akakigonga tena, na kitufe kikaganda juu moja kwa moja. Nilidhani utamkaba. Ulilitazama tarumbeta, ukajaribu vitufe vilivyobaki, ukasema, "Kidole mbili iko. Inatosha."

Hapo ndipo nilipolisikia neno hilo kwa mara ya kwanza, na ugomvi wangu nalo ndio barua hii.

Ulitunga wimbo wa kumtoa bibi harusi kwa vidole viwili. Watu waliupenda kabla haujaisha. Lakini pale juu kabisa, tuni inapopanda kama mtu anayepanda ngazi na kubakiza kidato cha mwisho, palitakiwa kitufe cha katikati, nacho hakikuwepo. Ukifika pale ulikuwa unatoa mdomo, bendi nzima inanyamaza nawe kwa pumzi moja, kisha mnaendelea chini kama hakuna lililotokea. Harusi ya kwanza wanawake walidhani mmewaachia nafasi kwa makusudi. Wakaijaza kwa vigelegele. Harusi ya pili walikuwa wameshajipanga, mikono midomoni, wanangoja. Baada ya hapo ikawa ndiyo desturi, na bibi harusi wa Koboko alikuwa hakanyagi nje ya kizingiti mpaka ukimya ule ufike na wanawake wapige. Hakuna aliyejua kwamba pale pana noti.

Ila mimi. Maana asubuhi ulikuwa ukitundika kioo chako kwenye msumari wa ua wa nyuma, unanyoa ndevu huku ukipiga mluzi, na ulichokuwa ukipigia mluzi ni wimbo huo huo. Mluzi hauna vitufe, Mjomba. Ulipofika pale juu hukunyamaza. Ulipanda kidato cha mwisho, ukakaa juu yake kidogo, ukashuka polepole. Nilikuwa naosha vyombo pembeni, na mikono yangu ilikuwa inasimama ndani ya maji. Siku moja nilikuuliza kwa nini mluzi una kitu ambacho tarumbeta halina. Ulifuta wembe kwenye taulo na kuniambia nikachote maji, na pipa lilikuwa limejaa.

Sasa nikuulize mimi. Kama vidole viwili vilikuwa vinatosha, ile noti ulikuwa unaipigia nini mluzi?

Nimekulia ndani ya neno hilo. Darasa letu halikuwa na madirisha, tukaambiwa upepo unatosha. Arua tulikaa miaka na umeme wa saa chache jioni, tukaambiwa taa ya kusomea inatosha, wengine hata hiyo hawana. Ukikosa titi la mama, hata la mbwa huamwa. Haya, tumeliamwa, lakini mbona hakuna aliyetuambia tunaweza kuacha? Mtu wa kwetu akitaka kitu kizima anatazamwa kama amekiiba. Maskini haokoti, akiokota huambiwa kaiba. Na wewe uliyekuwa fundi kuliko wote niliowajua, uliyeweza kusikia tarumbeta la jirani limeshuka kiasi cha unywele, ndiye uliyenifundisha kutabasamu na kusema inatosha. Nilikupenda sana. Hilo sikulipenda hata siku moja.

Nina mwenzangu pale studio, jina lake Drani, kijana wa Ajia mwenye masikio mazuri na ushabiki mbaya. Studio yetu iko Onduparaka, hapa hapa Arua karibu na uwanja, na siku ya mpira haturekodi, kwa sababu goli likiingia linaingia pia kwenye mikrofoni, na Drani mwenyewe hayupo, yuko uwanjani. Nilipomwambia nataka kuufanya wimbo wako kwa maktaba kamili alinicheka. Maktaba nafuu tunayo, tumeitumia kwa nyimbo za kwaya na matangazo ya redio, hakuna aliyelalamika.

"Dada, hii ndogo inatosha," akasema. "Spika ya harusi nakoroma tu. Nani kule Koboko nasikia kama fidla iko moja ama iko ishirini?"

Umesikia? Hata hakukujua, na neno lako liko mdomoni mwake. Nilitaka kumpiga na ubao wa vitufe.

Lakini nilimtendea haki. Nilianza na ile ndogo, nikaifanyia kazi kwa moyo mmoja, nikapanga fidla, nikapanga matarumbeta, nikaweka ngoma ya Kasim kama nilivyoikumbuka. Ilitoka kama mlio wa simu ya mtu mwenye mbwembwe. Hilo ningelivumilia. Kilichonishinda ni pale juu. Tuni ikapanda, ikapanda, ikafika kwenye nafasi ya wanawake, nami nikanyamazisha vyombo vyote. Kukawa kimya cha ghafla, kikavu, hakina hata vumbi la sauti. Na Drani, aliyekuwa ameketi nyuma yangu, akainuka kwenda kuangalia kama umeme umekatika.

Alikuwa hatanii. Alishashika swichi ukutani ndipo wimbo ukaendelea nyuma yake. Nilicheka hadi machozi, kisha nikaacha kucheka. Wimbo wako, mbele ya watu wa Koboko, ungefika mahali pake patakatifu na umati mzima ungegeuka kutazama jenereta.

Kesho yake niliuza jeneza lenye meno.

Kuipakua ile maktaba ni hadithi nyingine. Ina ukubwa wa kumeza kompyuta nzima. Mtandao ulikuwa unakuja na kuondoka kama mgeni asiyejua kama amekaribishwa, umeme ukakatika kweli safari hii, na Drani akawa ananiuliza kila asubuhi kama wazungu wangu wote wa fidla wameshafika au bado wako njiani, darajani Karuma. Walifika. Nikabonyeza noti ya kwanza, ya chini, ya fidla nzito. Ilianza mbali, ikaja, ikakaa nasi chumbani. Drani hakusema inatosha. Aliuliza kama anaweza kujaribu na yeye.

Basi nikafanya nilichokuwa nimekisubiri tangu nikiosha vyombo. Niliweka noti yako. Matarumbeta yote, fidla zote, zikapanda kidato cha mwisho zikasimama juu. Nililia, sioni aibu kusema. Nikasema haya, Mjomba, kitufe chako hiki, wamekirudisha. Nikaichukua hadi Koboko nikiwa nimevimba kichwa.

Mama Zamzam alikuwa sebuleni kazungukwa na gurbaba, zile nguo za kujifunga za siku ya harusi, anazikunja na kuzigawa kwa wanawake wa ukoo. Nikaweka spika yangu mezani. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, na tuni ilipoanza kupanda niliona mkono wake ukiacha nguo na kwenda mdomoni wenyewe, bila yeye kuutuma. Akafungua mdomo. Na badala ya nafasi akakutana na noti. Mdomo ulibaki wazi kidogo, halafu akaufunga.

Wimbo ulipoisha aliendelea kukunja. Mimi nikasubiri sifa. Mwishowe akasema, "Pale juu iko yetu. Nani nakuambia weka kitu pale?"

Nikamweleza. Nikamweleza yote, ila mluzi wako: shamba la muhogo, fundi baiskeli, kitufe kilichoganda. Nikamwambia pale palikuwa na noti tangu mwanzo, kwamba wao wanawake walikuwa wanaziba tundu tu bila kujua. Nilisema kwa ukali kuliko nilivyokusudia. Yeye hakupandisha sauti.

"Tarumbeta ilikuwa yake," akasema. "Harusi iko yetu. Mimi mwenyewe nilitoka kwa mama yangu na ile kelele. Zamzam atatoka na nini?"

Nilirudi Arua nimenuna, na kwa siku kadhaa sikuifungua kazi ile. Nilikuwa na hasira naye kwa sababu nilihisi ananiambia lile lile, kwamba bovu letu linatosha, tuliache lilivyo. Kisha nikagundua kwamba sivyo alivyosema. Wewe ulisema inatosha kwa sababu ulikuwa umekosa. Wanawake hawakusema hivyo hata kidogo. Waliona mahali patupu wakapachukua, wakapafanya pakubwa kuliko noti yoyote, na sasa ni mali yao na hawampi mtu. Hiyo si kuridhika na kidogo, huo ni ubishi. Nikajua kumbe mimi sikurithi ubishi wangu kwako.

Nikaiondoa noti. Na hapa ndipo nakurudisha kwenye ukumbi, kama nilivyokuahidi. Tuni ikapanda na fidla zote, matarumbeta yote, ikafika, ikanyamaza. Lakini haikukatika. Ukumbi ule wa mbali ukaishika sauti, ukaizungusha juu ya dari yake, ukaiachia polepole, na katika kuiachia huko ulisikia kabisa kwamba watu wako pale, wameinua pinde zao, wanasubiri mtu afanye kitu. Ulikuwa ukimya wenye watu ndani yake. Drani hakuinuka kuangalia umeme. Aliinua uso akangoja, na nadhani kama angekuwa mwanamke angepiga.

Akanitania baadaye, ndiyo. Akasema, "Kumbe wewe nanunua orkestra mzima ili inyamaze?"

Nikamwambia ndiyo. Hasa kwa hilo. Kunyamaza kwa kukosa na kunyamaza kwa kumpisha mwenzako havifanani, na maktaba ya bei nafuu inajua kule kwa kwanza tu. Na yeyote anayedhani watu wa Koboko hawawezi kusikia tofauti, aje aniambie mbele ya Mama Zamzam.

Siku ya harusi spika ilikoroma kama Drani alivyotabiri. Jua lilikuwa kali, ua umejaa hadi barabarani, malori ya Juba yanapiga honi kwa sababu magari ya wageni yameziba njia. Nilisimama karibu na mitambo, kidole juu ya swichi. Mlango ukafunguliwa, Zamzam akasimama kizingitini amefunikwa, na nikaupiga. Fidla za kwanza zilipotoka, wasichana walitazamana, hawakuujua. Mama zao waliujua. Niliona wale wakubwa wakianza kusogea mbele, mmoja mmoja, wakiwasukuma mabinti zao kwa viwiko. Tuni ikapanda. Mikono ikaenda midomoni. Na ukimya ulipofika, Mjomba, uliwakuta tayari.

Sijawahi kusikia kitu kama kile kutoka kwenye maktaba yoyote. Wasichana walichelewa kidogo kisha wakaingia nao, wale wasioujua, na vigelegele vikadumu hadi orkestra ilibidi iendelee chini yake. Zamzam akavuka kizingiti. Kabla hajafika getini, watoto wa kike walikuwa wameshaanza kuuigiza, wanaimba tuni kwa midomo, wananyamaza, wanapiga. Basi, haufi huo. Tafuta lingine la kuhofia.

Ila kuna jambo sikumwambia mtu, hata Drani. Noti yako sikuitupa. Niliiweka mwishoni kabisa, baada ya ngoma kukoma, wakati najua watu watakuwa wanapiga makofi na kugombania chakula. Tarumbeta moja tu, kutoka mwisho wa ule ukumbi, kwa upole kama mluzi. Niliiweka kwa ajili yangu na yako, maana nilidhani hakuna mwingine duniani aliyewahi kukusikia ukiipigia mluzi.

Ikalia. Makofi yaliifunika, watu wakaendelea na mambo yao. Lakini Mama Zamzam, aliyekuwa katikati ya wanawake wenzake anacheka, aliacha kucheka. Akageuza shingo, si kwa spika, si kwangu. Akatazama ua wa nyuma, pale kwenye msumari wa kioo chako, akabaki anatazama hivyo mpaka noti ikaisha yote.

Haya, Mjomba. Niambie tena inatosha.

Pumzika salama, na ukinuna nuna kidogo tu.

Mpwa wako mbishi,
binti wa yule dada yako uliyemwachia cherehani mezani